Mtindo na Hulka

Ni desturi ya watu kutaka kila mtu awe na alama moja ya kumjulia. Mhunzi hujulikana kwa nyundo yake, nahodha kwa usukani wake, na mshairi kwa namna yake ya kupanga vina. Alama hiyo huwapunguzia watu kazi ya kufikiri, kwa kuwa aliyekwisha kupewa jina haonekani kuwa na haja ya kuchunguzwa tena. Lakini mara kwa mara hutokea mtu asiyeweza kufungwa kwa kamba moja. Leo hufanya kazi yake kwa namna hii, kesho kwa namna ile, na kila namna huifanya vizuri. Mbele ya mtu wa jinsi hii hukumu za watu hugongana. Wengine humsifu kwa wingi wa vipawa. Wengine humkumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka, na kwamba mwacha asili ni mtumwa. Swali linalozaliwa hapo si la sanaa peke yake. Ni swali la adili: je, uaminifu wa mtu kwa nafsi yake wamtaka abaki katika namna moja, au aweza kubadili namna zake zote na bado akawa mwaminifu?

Swali hili laweza kupimwa kwa maisha ya George Enescu, mtunzi wa muziki wa Romania. Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1881 katika kijiji cha Liveni, kaskazini ya Moldavia. Ndugu waliomtangulia walikufa wangali wachanga, naye akatunzwa na wazazi wake kama mboni ya jicho. Alishika fidla akiwa na umri wa miaka 4, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa mpiga fidla wa Kiroma wa huko huko mashambani, aliyefundisha kwa sikio, si kwa maandishi. Mwaka 1888, akiwa na miaka 7, alipokewa katika chuo cha muziki cha Vienna, mahali ambapo watoto wa umri ule hawakuwa wakikubaliwa kwa kawaida. Alimaliza masomo ya huko kabla ya kutimiza miaka 13, akiwa amemwona Brahms kwa macho yake na kuujaza moyo wake muziki wa Wajerumani. Mwaka 1895 alikwenda Paris, akajifunza utunzi kwa Massenet, kisha kwa Fauré, na elimu ya kusuka sauti nyingi pamoja kwa Gedalge. Mwezi wa Februari 1898, alipokuwa na miaka 16 tu, okestra ya Colonne ilipiga mjini humo utungo wake uitwao Poème roumain. Hivyo kabla ndevu zake hazijakomaa alikuwa amekwisha kunywa maji ya visima vitatu: fidla ya kijiji, elimu ya Vienna na adabu ya Paris.

Kazi zake zilifuata wingi huo wa visima. Mwaka 1897 aliandika mfululizo wa vipande vya piano akiiga mwendo wa watunzi wa kale. Mwaka 1900 alikamilisha utungo wa fidla nne, viola mbili na selo mbili, ambao sehemu zake zote nne zimefumwa kama mkeka mmoja. Mwaka 1901 zilitoka rapsodia zake mbili za Kiromania, zilizojaa nyimbo za watu na ngoma za kuchezwa. Alitia muziki mashairi ya Kijerumani ya Malkia Elisabeth wa Romania. Kisha, mwaka 1908, akamaliza nyimbo saba za mashairi ya Clément Marot, mshairi wa Ufaransa wa karne ya 16, kwa wepesi ambao Mfaransa angeweza kuudai kuwa wake. Simfonia yake ya pili, ya mwaka 1914, ina msongamano wa sauti kama soko la mji mkubwa. Simfonia ya tatu, iliyoandikwa wakati wa vita kati ya mwaka 1916 na 1918, huishia kwa kwaya inayoimba bila ya maneno. Mwaka 1926 ilikuja sonata ya tatu ya fidla na piano, yenye sauti ya kijijini. Mwaka 1931 opera ya Oedipe ilikamilika. Na mwaka 1954 simfonia ndogo ya ala 12, iliyo fupi na yenye kubana maneno kama wasia.

Mashtaka yanayoletwa juu ya mtu mwenye orodha kama hii ni matatu, nayo yastahili kuelezwa kwa haki kabla ya kujibiwa. Shtaka la kwanza ni kwamba hana uso. Msikilizaji akipigiwa kipande cha Debussy au cha Bartók aghalabu humtambua mwenyewe baada ya muda mfupi. Akipigiwa vipande vitatu vya Enescu aweza kudhani kuwa ni vya watu watatu. Shtaka la pili ni kwamba alikopa: hapa nyayo za Brahms, pale za Wagner, na kwingine za Fauré, na mtu anayetembea katika nyayo za wengine haachi zake. Shtaka la tatu ni zito kuliko yote. Husemwa kwamba alitawanya nguvu zake, akawa mpiga fidla, mpiga piano, kiongozi wa okestra na mwalimu, hata mtunzi aliyekuwa ndani yake akabaki na masalio ya wakati wake.

Shtaka la kwanza na la pili yana mzizi mmoja, nao ni kudhani kwamba mtindo na hulka ni kitu kimoja. Enescu mwenyewe alitofautisha mambo haya mawili. Sonata yake ya mwaka 1926 aliiandikia kwamba imo katika hulka ya watu wa Romania, akaeleza baadaye kwamba aliliepuka neno mtindo kwa sababu mtindo ni kitu cha kutengenezwa, na hulka ni kitu ambacho mtu amepewa tangu mwanzo. Tofauti hii haikuwa ya mdomo tu. Vile vipande vya piano vya mwaka 1897 vilivyoiga watunzi wa kale alikuwa ameviita vya mtindo wa kale. Alipovaa nguo ya wengine aliiita nguo; aliposema kwa damu yake aliiita damu.

Mtu aendaye matangani kwa nguo za arusi hasifiwi kwamba ni mwaminifu kwa nafsi yake. Husemwa kwamba hana adabu. Kila jambo lina vazi lake. Mashairi ya Marot, yenye mzaha na mapenzi ya kikwao, hayakuweza kuvikwa joho zito la simfonia, wala kisa cha Oedipus, mfalme aliyejipofua macho, hakikuweza kuvikwa kilemba cha rapsodia. Ikiwa mtunzi atalazimisha kila jambo liingie katika mtindo wake mmoja ili watu wamtambue, basi analipenda jina lake kuliko jambo analolieleza. Huenda akatambulikana kwa haraka, lakini atakuwa ameusema uongo mara nyingi kwa sauti ile ile.

Hata hivyo hoja ya nguo haitoshi peke yake, kwa kuwa hata jasusi hubadili nguo. Kubadilika si ushahidi wa ukweli, kama vile kutobadilika kusivyokuwa ushahidi wa uaminifu. Pana haja ya kipimo, na kipimo hicho kina maswali mawili: katika mabadiliko yote, ni kitu gani kisichobadilika? Na mabadiliko yenyewe, faida yake humwendea nani?

Jibu la swali la kwanza laonekana kwa yeyote atakayezisikiliza kazi za Enescu kwa subira. Chini ya mavazi yote mna wimbo mmoja wa peke yake, mrefu, usio na haraka, unaokua kutoka katika sauti chache kama mche unavyotoka katika kokwa. Huo ni mwendo wa doina, wimbo wa Kiromania wa majonzi na shauku, ambao mwimbaji huuvuta na kuupinda apendavyo bila ya kufungwa na mapigo. Mwaka 1903, wakati ambapo watunzi wa Ulaya walishindana kurundika sauti juu ya sauti, Enescu alifungua mfululizo wake wa kwanza wa okestra kwa sehemu nzima ambamo fidla na jamaa zake wote huimba sauti moja tu, bila ya sauti ya pili ya kuwategemeza, mpaka ngoma inapokuja kunguruma chini yao. Gustav Mahler aliuongoza utungo huo mjini New York mwaka 1911. Wimbo huo huo wa upweke umo katika filimbi ya mchungaji katika Oedipe. Umo katika utungo wa mwaka 1940 wa kumbukumbu za utoto, unaoanza kwa fidla bila ya piano, mfano wa mpiga fidla wa kijijini. Umo pia katika filimbi inayofungua simfonia ya ala 12, kazi yake ya mwisho. Anayesema kwamba mtu huyu hana uso ameangalia kilemba na kanzu, hakuangalia macho.

Sonata ya mwaka 1926 ndiyo shahidi mkubwa. Ndani yake hamna wimbo hata mmoja uliochukuliwa kwa watu; nyimbo zote ni za mtunzi mwenyewe, na bado Mromania huzisikia kana kwamba zilizaliwa kabla yake. Enescu aliandika kwa alama kila mteremko wa kidole, kila mtetemo, na hata sauti zilizo katikati ya sauti mbili za piano, ambazo wapiga fidla wa kijijini huzipiga bila ya kujua kwamba zina jina. Msikilizaji wa taarabu ya Unguja, aliyezoea fidla inayolia baina ya sauti na sauti, hatazishangaa sana. Kukopa ni kuchukua kilicho cha mwingine. Enescu hapa hakuchukua nyimbo. Alichukua namna ya kuzaa nyimbo, na namna hiyo haikopwi, hurithiwa.

Swali la pili la kipimo ni la faida, nalo ndilo linaloligusa adili kwa karibu zaidi. Rapsodia ya kwanza ilimletea Enescu sifa ambayo kazi zake nyingine zote pamoja hazikuikaribia. Inaanza kwa wimbo wa mlevi mwenye sarafu moja anayetaka kuinywea, na kutoka hapo hupanda kwa furaha mpaka ikawa kimbunga cha ngoma. Watu waliipenda na wanaipenda. Lau mtunzi huyu angekuwa mtu wa kubadilika kwa ajili ya faida, njia ya faida ilikuwa wazi mbele yake: angeandika rapsodia kumi, na kila moja ingenunuliwa. Aliandika mbili tu, zote katika mwaka 1901, akaenda zake kwenye kazi ngumu ambazo watu hawakuwa wameziomba. Kila alipobadilika baada ya hapo alipoteza sehemu ya wale waliomfuata. Anayebadilika ili apate na anayebadilika ingawa anapoteza hawawezi kuhukumiwa kwa sheria moja.

Walakini ulimwengu uliikamata sarafu ile moja ukaifanya kuwa mali yake yote. Rapsodia ilipigwa kila mahali, na kazi nyingine zikakaa sandukuni. Oedipe, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika jumba la opera la Paris mwezi wa Machi 1936, ilisubiri mpaka mwaka 1958 kuonyeshwa katika Romania, na mtunzi alikuwa kaburini kwa muda wa miaka mitatu. Je, wasikilizaji wana hatia? Hapana mtu awezaye kulazimishwa kupenda, na rapsodia haina aibu ndani yake. Ni furaha ya kweli ya kijana wa miaka 19. Hatia haiko katika kuipenda kazi moja. Huanza pale mapenzi ya kazi moja yanapogeuka kuwa sababu ya kukataa kusikia nyingine. Hapo sifa huwa kifungo, na kifungo hiki ni kibaya kuliko lawama, kwa kuwa aliyelaumiwa huweza kujitetea, bali aliyesifiwa kwa jambo dogo akinung'unika huonekana hana shukrani.

Limebaki shtaka la tatu, la kutawanya nguvu, na hili halikubali kujibiwa kwa wepesi. Kazi alizozipa namba ni 33 tu katika maisha ya miaka 73. Oedipe ilianza kuwaka moyoni mwake karibu na mwaka 1910, baada ya kumwona mwigizaji Mounet-Sully jukwaani katika mchezo wa mfalme huyo, na ikachukua zaidi ya miaka 20 kukamilika. Simfonia za nne na tano aliziacha bila ya kuzimaliza. Mtunzi Pascal Bentoiu ndiye aliyezikamilisha miaka mingi baadaye. Hasara hii ni ya kweli, wala haifai kufichwa kwa maneno ya kupamba.

Lakini saa ambazo Enescu hakuandika hazikuangukia baharini. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikaa nchini mwake, akawapigia fidla askari majeruhi katika hospitali. Mwaka 1924 alipiga mjini Bucharest sonata ya pili ya fidla ya Bartók, na Bartók mwenyewe akiwa kwenye piano, wakati ambapo Waromania na Wahangari walikuwa bado na uchungu wa kugombea Transylvania. Kuanzia mwaka 1927 alimfundisha Yehudi Menuhin, aliyekuja kwake akiwa mtoto, na baada yake wengi wengine. Maria, mwanamke aliyempenda na ambaye alimwoa mwaka 1937, alipopatwa na maradhi ya akili, alimuuguza. Mtu anayehesabu kurasa peke yake ataziita saa hizi kuwa zimepotea. Mtu anayewahesabu watu hatathubutu.

Ni kweli pia kwamba kipawa ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuigawa yote njiani, hata kama wapokeaji ni wenye haja. Haki ya majeruhi wa leo na haki ya wasikilizaji wa kesho ambao hawajazaliwa hupambana ndani ya kifua kimoja, na hapana kadhi wa kuzisuluhisha ila mwenye kifua hicho. Enescu aliwapa walio mbele yake kwanza. Deni la waliokuja nyuma halikulipwa lote, na haliwezi kulipwa tena. Yamkini haya ndiyo matumizi ya namna mbalimbali ambayo methali inayaonya, na methali haisemi uongo: moja lilimponyoka. Lakini methali haikusema ni lipi kati ya mawili lililostahili kushikwa kwa nguvu zaidi, na hilo ndilo linaloachiwa dhamiri ya kila mtu.

Katika Oedipe, ambayo maneno yake yaliandikwa na Edmond Fleg, fumbo la Sphinx si lile la kale la mnyama anayetembea kwa miguu minne asubuhi. Sphinx anauliza kama kuna aliye mkubwa kuliko ajali iliyoandikwa, na Oedipus anajibu kwamba ni mtu. Mnyama yule hufa, lakini hufa akiacha shaka kama kilio chake ni cha kushindwa au ni kicheko cha kushinda. Enescu aliufanya wakati huo kuwa wa kutisha kuliko yote katika opera yake. Jibu lilikuwa sahihi, na bado maisha yote ya Oedipus yalibaki kuwa mtihani wa jibu lile. Kadhalika mtu hashindi jina alilopewa na watu kwa kulikana kwa mdomo. Hulishinda, ikiwa atalishinda, kwa kuendelea kufanya kazi ambayo jina hilo haliwezi kuieleza.

Ndivyo alivyoishia Enescu. Mwaka 1946 aliihama nchi yake, ambayo ilikuwa ikiingia chini ya mamlaka ya Wakomunisti, akaishi Paris na uti wa mgongo uliopinda na masikio yasiyotii tena. Mwezi wa Julai 1954 alipatwa na kiharusi. Simfonia ya ala 12 ilikuwa tayari, lakini alama za mwisho za jinsi ya kuipiga alizikamilisha kwa msaada wa rafiki yake, mtunzi Marcel Mihalovici. Alikufa mwezi wa Mei 1955, akazikwa Paris katika makaburi ya Père Lachaise. Haukupita muda serikali aliyoihama ikampa heshima kubwa. Kijiji alichozaliwa kina jina lake, okestra kuu ya Bucharest ina jina lake, na tamasha la muziki lililoanza mwaka 1958 lina jina lake. Kumpa mtu jina baada ya kufa ni rahisi. Huko nako ni kumtia alama, kwa kuwa maiti hawezi tena kubadilika na kuwasumbua wanaomsifu.

Uaminifu, basi, si kukaa mahali pamoja. Mti umekaa mahali pamoja na haujasifiwa kwa uaminifu. Mto huhama kila siku na watu huuita kwa jina lile lile. Mwacha asili ni mtumwa, na hilo ni kweli, lakini asili si namna ya jana, ni chemchemi ambayo namna ya jana na namna ya leo zote zimetoka. Anayetaka kujua kama amebaki mwaminifu asijiulize kama anafanana na alivyokuwa. Ajiulize ni kitu gani ndani yake ambacho hakukiuza alipobadilika. Na anayetaka kumhukumu mwingine kwa haki, awe mwalimu mbele ya mwanafunzi au msomaji mbele ya kitabu, asikinai kwa kazi ya kwanza iliyompendeza. Ana wajibu wa kusikiliza ya pili, na ya tatu, hata kama ya kwanza ingali ikimlia masikioni.